Orodha ya Wapiga Kelele

Nilikuwa darasa la sita Mwalimu aliponipa daftari la kuandika wapiga kelele, na kusema kweli sikulirudisha kwa miaka mingi sana.

Aliyesoma shule za msingi za huku kwetu anaijua desturi hiyo. Mwalimu akitoka kwenda kunywa chai ofisini, darasa linabaki mikononi mwa monita, na kazi ya monita si kuwanyamazisha watu, ni kuwaandika. Jina huandikwa mara moja. Ukizidi kuongea, mbele ya jina lako hutiwa alama ya kuzidisha, na kila alama ni kiboko kimoja zaidi. Nimeona watoto wakimhonga monita kwa maembe mabichi. Nimeona monita akimwandika mtu aliyekuwa amelala fofofo. Mimi niliipokea kazi ile kwa furaha, kwa sababu nilikuwa mtoto mwenye macho makali na roho ya kushuku, na nyumbani nilikuwa nikigombezwa kwa tabia hiyo hiyo. Sasa mtu mzima alikuwa ameiona faida yake.

Shule yetu iko chini, upande mkavu wa Embu. Ukishapita Gachoka unaendelea kuteremka mpaka majani ya miti yanakuwa madogo na mbuzi wanakuwa wengi kuliko ng'ombe. Mwalimu alikuwa mwenyeji wa huko huko, mtu mwembamba wa koti la kahawia, mfuko mmoja daima mweupe kwa vumbi la chaki. Hakuwa mtu wa kupaza sauti. Akipokea orodha aliisoma polepole, kidole kikishuka jina kwa jina, kama mtu anayechambua ndengu akitafuta mawe.

Orodha yangu ya kwanza ilikuwa na majina saba. Mvulana niliyekaa naye dawati moja hakuwemo, ingawa ndiye aliyeongea kuliko wote. Siku ile alikuwa ananisimulia jinsi jogoo wao alivyoingia kanisani wakati wa sadaka, na mimi nilikuwa nimejifunika mdomo kwa mkono wa kushoto huku ule wa kulia ukiandika wengine. Mwalimu alisoma mpaka mwisho, akainua macho, akauliza kama jirani yangu wa dawati alikuwa kimya. Nikasema alikuwa kimya. Akanitazama kidogo tu, wala hakukunja uso. Kisha wale saba wakapata kiboko kimoja kimoja, jirani yangu viwili, na mimi vitatu.

Alijuaje? Ofisi ilikuwa ng'ambo ya uwanja na madirisha ya darasa yalikuwa juu. Wakati wa mapumziko tulilijadili jambo hilo tukakata shauri kwamba Mwalimu ana monita wa pili, wa siri, mwenye daftari lake, na kazi yake ni kumchunguza monita wa kwanza. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwamini mwenzake. Mimi peke yangu nilikuwa na watu wanne niliowashuku, na mmoja wao, ambaye sasa ni mama mchungaji, sijamsalimia vizuri hadi leo.

Mwalimu akapanda cheo. Akawa mwalimu mkuu, kisha kiongozi wa walimu wenzake wa wilaya, yule wa kwenda Nairobi na mkoba na kurudi na habari. Mara tukasikia anataka kiti cha ubunge. Wapinzani wake walikuwa na magari na vipaza sauti, yeye alikuwa na wanafunzi. Kila kijiji alichoingia alimkuta mtu aliyemfundisha kusoma. Mkutano ukianza kuchafuka alitoa kipande cha chaki mfukoni, akakiinua, akasema, "Darasa." Watu wazima wenye wajukuu wakanyamaza. Nimeyaona hayo kwa macho yangu, na sikupenda jinsi mgongo wangu mwenyewe ulivyonyooka.

Alishinda. Akafungua ofisi mjini Embu, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la dawa za mifugo, akaanza kutukusanya wanafunzi wake wa zamani. Mimi nilikuwa nimesomea kazi ya ukarani na nilikuwa nachapa barua za wakili mmoja pale mjini. Aliniita, akaniketisha, akaniuliza habari za Mama, kisha akafungua droo akatoa daftari jipya la kurasa thelathini na mbili, lile lile la jalada la bluu. Alisema kiongozi akishakwenda Nairobi huwa kama mwalimu aliyekwenda kunywa chai. Anahitaji mtu wa kumwambia ni nani anaongea.

Kwa hiyo kila Ijumaa nilimpa orodha. Niliwapokea watu waliokuja ofisini, nikaenda nao mazishini na kwenye michango ya makanisa, nikasikiliza. Aliyesema mbunge amesahau barabara, nilimwandika. Aliyesema mara mbili, nilimtia alama ya kuzidisha. Mwalimu alisoma kwa kidole kile kile, na baadaye nilikuwa naona mambo. Paa la shule lilikwenda kijiji kile na si hiki. Josho la ng'ombe lilihamishwa. Hakuna aliyechapwa, ndivyo nilivyojiambia, na nilijiambia pia kwamba hii ndiyo njia ya kiongozi kusikia wananchi. Uongo mtupu. Niliipenda kazi ile. Watu walionicheka utotoni sasa walinisalimia kwa mikono miwili, na waliponiita Monita walikuwa hawatanii tena.

Dereva wa ofisi alikuwa yule yule mvulana wa jogoo. Alikuwa amekuwa mwanamume mpana, mcheshi bado, ameoa mke kutoka Kiirua, upande wa Meru, na alikuwa na tabia ya kuzima injini na kuacha gari lishuke lenyewe mlima wa kwetu ili kubana mafuta. Tulisafiri pamoja miaka sita. Nadhani hakuna mtu mwingine aliyenifahamu vile, ukimtoa Mama.

Sasa nimfikie Mama. Mama anaishi pale pale nilipozaliwa, na maji ya pale ni ya mtoni. Kila siku anaondoka alfajiri na punda, mitungi minne ya manjano, anarudi jua limeshakuwa kali. Mwaka huo nyonga yake ilikuwa imeanza kumsumbua. Alikuwa anatembea kwa kuegemea punda, na punda naye alikuwa mzee. Ndipo ikatangazwa kwamba jimbo litachimba kisima kimoja cha mashine upande wa chini. Wapimaji walikuja na vyombo vyao, wakapita vijiji kadhaa, na maji wakayaona mahali pawili: kwetu, hatua chache kutoka kanisani, na ng'ambo ya kilima, karibu na soko. Kila mahali wakapigilia kigingi chenye rangi nyekundu. Uamuzi wa mwisho ungekuwa wa Mwalimu.

Mama alikipenda kigingi kile kama mtu. Alikata matawi ya mgunga yenye miiba akakizungushia ua mdogo, mbuzi wasije wakakiangusha. Nilipomtembelea alinipeleka kukiona. Alisema maji yako pale pale chini ya miguu yetu, kwamba tangu aolewe amekuwa akiyapita kwenda kuyatafuta mbali. Sikumwambia kwamba daftari langu lilikuwa na kauli katika jambo lile. Niliona aibu, na pia niliona fahari.

Wiki chache baadaye Mwalimu alikuwa Nairobi, bungeni, akatutuma mimi na dereva tukafanye baraza kijijini kwetu kwa niaba yake. Nilisoma salamu zake pale nje ya kanisa. Zilikuwa salamu ndefu, ahadi ndani ya ahadi. Nilipomaliza, Mama akasimama. Alisema kwa Kimbeere, lugha yetu ya nyumbani, na kwa Kimbeere maneno yale yana makali zaidi, lakini ilikuwa hivi:

"Mwambie Mwalimu alifundisha watoto wangu kwamba hupigi mstari chini ya hesabu kama hujapata jibu. Hapa kwetu amepiga mstari mara tatu. Jibu liko wapi?"

Watu wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi niliikunja karatasi ya salamu ikawa ndogo, maana kama angekuwa mama wa mtu mwingine, jina lake lingekuwa na alama tatu kabla hajakaa. Nilimtafuta dereva kwa macho. Alikuwa ameegemea mlango wa gari, anacheka pamoja na wengine. Baada ya baraza alimpunguzia punda mtungi mmoja, akambebea Mama mpaka nyumbani, kisha tukaondoka. Njiani hakuongea kama kawaida yake. Tulipofika karibu na lami alisema tu, "Mama yako ako na mdomo, Monita." Nikamwambia jambo lile liishie pale pale kanisani. Akasema, "Mimi naendesha gari tu."

Jibu lile sikulipenda hata kidogo.

Ijumaa ikafika. Niliandika majina kumi na moja, kutoka kila kijiji cha upande wa chini. Kutoka kwetu sikuandika hata moja. Nilifanya hivyo Ijumaa hiyo na tatu zilizofuata, kwa sababu uamuzi wa kisima ulikuwa unakaribia na nilitaka kijiji chetu kionekane kimetulia kama maji ya mtungini. Mwalimu alisoma kila mara mpaka mwisho. Kila mara alisema, "Asante, Monita," akafunga daftari. Hakuuliza kitu.

Mashine ya kuchimba ilikuja siku ya Jumanne. Ilipita Gachoka, ikateremka, na ilipofika njia panda ikakata kushoto, ikapanda kilima kuelekea sokoni. Watu wa kwetu walikuwa wamejipanga kando ya njia tangu asubuhi. Mama alikuwa amevaa leso mpya. Niliambiwa kwamba alisimama pale hadi vumbi likatua, kisha akaenda kumtandika punda.

Sikulala vizuri tangu siku hiyo. Nilijua kwa hakika kwamba mtu alikuwa amempelekea Mwalimu maneno ya Mama. Nilichunguza kundi la WhatsApp la kijiji, nikapanda nyuma mpaka siku ya baraza: matangazo ya mazishi, picha ya punda aliyepotea, mtu anauza mizinga. Hakuna neno. Naibu wa chifu hakuwepo siku ile, alikuwa amempeleka mtoto hospitalini. Watu wa kijiji wenyewe wangejichomea nyumba kwa faida ya nani? Nikawatoa mmoja mmoja, nikabaki na aliyesema anaendesha gari tu. Ndipo likanirudia lile daftari la pili la utotoni. Kikulacho ki nguoni mwako, nikajiambia, na nilijiona mjanja sana kwa kulikumbuka.

Nikaanza kumtazama. Ukishaanza kumtazama mtu hivyo, hana tena jambo la kawaida. Nilikumbuka kwamba siku mbili baada ya baraza alikuwa ameingia chumbani kwa Mwalimu na mlango ukafungwa, naye hakuwahi kuwa na shughuli na mlango uliofungwa. Alikuwa anapokea simu nje, chini ya mpera wa nyuma ya jengo, sauti chini. Alipakia mabati mapya juu ya gari la shemeji yake. Alinunua viatu. Hadithi zake njiani zilikuwa zimepungua, na nilipomuuliza kulikoni alisema amechoka. Amechoshwa na nini, kama si mzigo wa moyo? Nikamjaribu. Nilimwambia nimesikia kwamba kisima kilihamishwa kwa sababu ya mdomo wa mtu, nikamkazia macho. Akaangalia pembeni. Akasema, "Mambo ya wakubwa, Monita, achana nayo."

Ijumaa iliyofuata nilifungua daftari la bluu na jina la kwanza nililoandika lilikuwa lake. Nilimtia alama tatu. Niliandika kwamba anamsema Mheshimiwa vibaya njiani na kwenye vituo vya mafuta. Wala sikuhisi kama nimedanganya, maana niliona nalipa deni la Mama.

Jumatatu hakuwa na ufunguo wa gari. Alikuja kuchukua koti lake lililokuwa limening'inia nyuma ya mlango wangu. Aliniangalia kidogo, mtu aliyekaa nami dawati moja, akasema, "Haya, Monita. Ubaki salama." Nikamjibu asante bila kuinua kichwa kwenye mashine ya kuchapa. Baadaye nilisikia amehamia kwa wakwe zake Kiirua.

Mama aliponiuliza ni nani aliyepeleka maneno yake, nilimwambia ni dereva. Akasema kwamba kijana yule alimbebea mtungi. Nikamwambia wabebaji wa mitungi nao wana midomo. Alikuwa ameking'oa kile kigingi chekundu na kukipigilia karibu na jiko, anamfungia mbuzi wa maziwa.

Mihula miwili ya Mwalimu ikaisha, na wabunge wakamchagua kuwa mmoja wa watakaoiwakilisha nchi katika bunge la kanda, kule Arusha. Kwa mtoto wa upande mkavu aliyeanza na chaki, hiyo si safari ndogo. Akafanya sherehe ya kumshukuru Mungu nyumbani kwake, juu ya mji wa Embu, kwenye majani chai. Waliokuja wengi walikuwa walimu wastaafu, wazee kwa akina mama waliofundisha naye. Baada ya chakula tulikaa kwenye viti vya plastiki, na mzee mmoja akamuuliza kwa utani atawawezaje wajanja wa nchi nyingine zote hizo, watu asiowajua lugha wala tabia.

Mwalimu akacheka. Alisema atawaweza kama alivyoliweza darasa la sita. Kisha akaanza kueleza, kwa furaha kabisa, mambo ya daftari la wapiga kelele, na jinsi sisi watoto tulivyokuwa tunaamini kwamba ana monita wa pili wa siri.

"Hakukuwa na wa pili," alisema. "Wa nini? Mtoto akikuletea orodha, usihangaike na waliomo. Angalia ni nani hayumo. Huyo ndiye anampenda, na huyo ndiye alikuwa anaongea naye."

Walimu wakapiga makofi. Mmoja akasema hiyo ndiyo saikolojia. Mimi nilikiweka kikombe changu cha chai chini kwenye nyasi.

Nilimngoja alipokwenda kunawa mikono kwenye bomba la nyuma ya nyumba. Nikamuuliza wazi kuhusu kisima. Hakushtuka. Nadhani kwake ilikuwa hesabu iliyokwisha kusahihishwa zamani.

"Kila kijiji kilikuwa na jina," alisema. "Hata kile changu mimi. Kwenu hakuna hata moja, Ijumaa nne. Nikajua kelele ya huko ni kubwa, na nikajua ni ya nani."

Nikamuuliza ni maneno gani ya Mama aliyoambiwa na dereva.

"Yule? Hakuwahi kuniletea neno la mtu. Nikimuuliza habari ya huko chini ananiambia barabara ni mbaya." Akakung'uta maji mikononi. "Jina lake nililipata kwako."

Akaongeza kwamba mimi nilikuwa monita bora kuliko wote aliowahi kuwa nao, na kwamba kama nataka kuendelea na mbunge mpya, ataniandikia barua. Alisema kwa upole, kama anavyosema mtu anayekupa zawadi. Nilimchukia palepale. Nilishuka mlima ule kwa miguu mpaka mjini, na kabla sijafika kituoni chuki ilikuwa imenigeukia mwenyewe. Alinifundisha somo hili nikiwa na miaka kumi na miwili, kwa viboko vitatu, na sikulielewa. Niliondoka na somo jingine kabisa, la kutafuta mchongezi. Kama ningemwandika jirani mmoja tu wa kwetu, mlevi yeyote, huenda kijiji kingepita kama vingine. Ni kumpenda Mama kwa wino nilioubana ndiko kulikomnyima maji.

Jumamosi nilikwenda kumwambia. Nilimkuta ameketi mlangoni na ungo wa ndengu mapajani. Nilimweleza yote, na dereva pia, sikuficha alama tatu. Aliendelea kuchambua muda mrefu.

"Si ungeniandika tu," alisema mwishoni. "Mimi nilisimama mbele ya watu nikasema. Sikuwa nimejificha. Wewe ulikuwa unanificha nini?"

Akaniuliza ninafanya nini kuhusu yule kijana. Nikasema nitampigia simu. Akaniangalia kama aliyesikia harufu mbaya. Aliingia ndani akatoka na chupa ya asali, ile nyeusi ya mizinga ya kwetu, akaniambia mtu haendewi mikono mitupu, wala kwa simu.

Basi nikaenda. Nililala Meru, na asubuhi nikashuka Kiirua, barabara ile ya kwenda Nanyuki, ambako upepo ni mkavu kama wetu lakini una baridi ya mlima ndani yake. Kumtafuta hakukunisumbua. Alikuwa anapakia viazi kwenye lori la baba mkwe wake, amepungua mwili, kofia ya sufu imemfika machoni. Aliponiona aliacha gunia. Nilisubiri anifukuze.

"Monita," alisema. "Umepotea njia ama?"

Akanipeleka kwenye kibanda cha chai, akaagiza chai na chapati mbili, akalipa kabla sijatoa mkono. Wema ule ulinitia shaka. Nilijiuliza anataka nini, anangoja nini, kama ameniketisha pale ili watu wa kwao waje wasikie. Ndivyo nilivyo, hata siku ya kuomba msamaha. Nikaweka chupa ya asali mezani na kumwambia ni mimi niliyemwandika.

"Najua," alisema. "Alinionyesha ile karatasi. Mwandiko wako si naujua tangu darasa la sita?"

Nikamuuliza kwa nini hakuja kunigombeza, kwa nini alichukua koti akaenda zake.

"Ningekuuliza nini, na ilikuwa imeandikwa?" Akakata chapati. "Nilifikiria labda umelazimishwa. Wewe uliwahi kula kiboko tatu juu yangu. Nikasema hii moja acha nikule."

Nilisogeza kikombe pembeni, nikamuuliza juu ya ule mlango uliofungwa, siku mbili baada ya baraza, maana hilo lilikuwa bado linanikereketa, na bora niulize kuliko kuondoka nalo. Simu za chini ya mpera zilikuwa za hapa hapa Kiirua, alisema, baba mkwe alikuwa mgonjwa, na mabati yalikuwa ya nyumba ya huyo mzee. Kuhusu mlango alisitasita. Alisema siku ile alipombebea Mama mtungi alihisi uzito wake, akashangaa mama wa umri ule anauinua vipi kila siku. Kwa hiyo alikuwa ameingia kwa Mwalimu kumwomba kile kisima kikachimbwe kwetu. Baraza hakulitaja. Alizungumzia mtungi tu. Mwalimu alimsikiliza, akamwambia arudi kwenye gari.

Alikuwa hajaniambia kwa sababu maombi yake hayakusaidia kitu, na aliona aibu kujisifia jambo lililoshindikana.

Nje walikuwa wanamwita, lori limejaa. Alichukua ile chupa, akaifungua, akainusa, akatabasamu kama mtu aliyeona picha ya nyumbani. Kisha akaniuliza, "Lakini mama alipata maji? Huyo mbunge mpya hakuchimba?"

Nilimtazama usoni nikitafuta hasira pale anapoificha, kama nilivyozoea kuwatafutia watu. Nilitafuta kwa muda. Yeye alikuwa anangoja jibu tu, chupa mkononi.

Nikamwambia bado anakwenda mtoni.